UZI: Wayahudi wa Mbale, usiku wa watoto kuuliza maswali, na mzee wangu aliyepigana Kagera

Wakuu kwema. Naomba mnivumilie, huu uzi ni mrefu na nimeuandika kwenye simu kwa siku tatu, nikipata nafasi naandika kipande nikichoka naacha.

Mimi mtu wa Bukoba, nanunua na kuuza kahawa. Mzee wangu alikuwa JWTZ, dereva wa malori, ni mmoja wa wale walioingia Uganda 1979 kumtoa Idi Amin. Nimekulia kwenye nyumba ya mtu aliyekuwepo kwenye ile vita na sikuwahi kumsikia anaisimulia hata siku moja. Tulichojua ni kwamba mzee alipigana, kuna nishani kwenye kabati la vyombo la mama nyuma ya vikombe vya wageni, basi. Hiyo kaeni nayo nitairudia.

Miaka kadhaa nyuma nikaenda Mbale kuangalia kahawa ya Mlima Elgon. Kule kuna ushirika unaitwa Mirembe Kawomera, ulianza 2004, wakulima wake ni Wayahudi na Waislamu na Wakristo pamoja, na mwanzilishi wake J.J. Keki ni Myahudi wa palepale. Hapo ndo nikajua Uganda ina Wayahudi, waafrika kabisa, weusi kama mimi, wanalima kahawa na migomba kama sisi, wanaitwa Abayudaya. Sasa mzee mmoja niliyekuwa naongea naye bei akaniambia leo jioni usiende gesti, leo ni Pasaka yetu, na kitu cha kwanza tunachosoma tukikaa ni kwamba kila mwenye njaa aje ale, sasa nitasomaje maneno hayo na mgeni wangu yuko peke yake mjini. Nikakaa.

Mwezi ulikuwa mpevu, na Pasaka yao huangukia mwezi mpevu kila mwaka, inaanza jioni ya kuingia tarehe 15 ya mwezi wao wa Nisani. Mezani kulikuwa na matza, yaani ule mkate usiotiwa chachu, mkavu, mwembamba, wameoka wenyewe. Kulikuwa na mboga chungu. Kulikuwa na maji ya chumvi kwenye bakuli. Mimi nilizoea kwetu ukikaa mezani unaomba unakula, hawa jamaa tumekaa saa nzima na zaidi hatujala chakula chenyewe, kuna kitabu kinaitwa Hagada kinasomwa, kuna nyimbo za Kiebrania na zaburi za Kiluganda zenye midundo ambayo hata ukiwa hujui neno mguu unatikisika.

Halafu kakasimama katoto, kadogo kuliko wote, sidhani kama kalikuwa na miaka saba, kakaimba maswali. Usiku huu una tofauti gani na usiku mwingine wote? Mbona siku zote tunakula mkate wa kawaida na usiokuwa na chachu ila leo huu mkavu tu, mbona leo mboga chungu, mbona leo tunachovya mara mbili, mbona leo tunaegemea. Nyumba nzima kimya inamsikiliza mtoto. Akimaliza ndo mkubwa anaanza kujibu, na jibu ndo ile Hagada yote: tulikuwa watumwa wa Farao kule Misri, Mungu akatutoa.

Wakuu hapa ndo nilipopigwa. Mimi nilidhani mila inarithishwa kwa mkubwa kuongea na mdogo kusikiliza. Hawa wameigeuza. Mwenyeji wangu alinieleza kwamba vitu vingi vya meza ile vimewekwa vya ajabu MAKUSUDI ili mtoto ashangae aulize. Mtoto asipouliza bado hakijaanza kitu. Na hii sio ya juzi, Talmudi inazungumzia mambo haya, na ni kitabu cha mafundisho ya marabi wao cha miaka kama 1500 iliyopita. Imeandikwa humo kwamba rabi Akiva alikuwa anawagawia watoto njugu na nafaka za kukaanga siku ya Pasaka mapema wasisinzie, ili wawe macho wakati wa kuuliza. Kuna kingine nakipenda zaidi: kulikuwa na desturi ya kuiondoa meza kabla watu hawajala. Siku moja mtoto yatima aitwaye Abaye, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanazuoni mkubwa wa Babeli, yuko kwa mlezi wake Rabba, akaona meza inanyanyuliwa, akasema jamani hatujala bado mnaondoa meza! Rabba akamwambia, umeshauliza, umetutoa deni la kuuliza. Yaani lengo lote ilikuwa ni lile swali.

Na hata mtu asiye na mtoto hasameheki. Sheria inasema mke amuulize mume, na kama uko peke yako unajiuliza mwenyewe kwa sauti, hata wasomi wawili wanaoijua yote wanaulizana.

Sasa ikafika katikati, mwenyeji akafunga kitabu kwa kidole akawaambia watoto, na sisi tulikuwa na Farao wetu. Akaanza habari za Amin. Jinsi alivyopiga marufuku dini yao, sinagogi zikafungwa, watu wakasali kwa siri majumbani, wengi wakahamia dini nyingine kwa woga. Akasema Amin alianguka jioni ya kuamkia Pasaka. Tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ile jua lilipozama, Pasaka yao iliingia.

Nilitoka nje nikasimama kwenye migomba. Kwa sababu tarehe 11 Aprili 1979 naijua mimi ni ya nani. Ndo siku jeshi letu na wapiganaji wa Uganda walikamilisha kuiteka Kampala. Watoto wa ile nyumba wanasimuliwa kila mwaka kwenye meza ya chakula jambo ambalo baba yangu alilifanya kwa mikono yake, na mimi mtoto wake wa kumzaa silijui.

Nimeleta uzi huu kwa sababu tangu siku ile nasoma habari za hawa watu na namna wanavyorithishana, na nataka tuongee.

---

Mtumishi wa Shamba:
Mkuu hongera kwa uzi. Hii si ndo ile karamu ya Bwana na wanafunzi wake?

MnunuziWaButa (mleta uzi):
Mtumishi, injili tatu za kwanza zinasema ilikuwa Pasaka, Yohana anaiweka siku moja kabla. Ila seda, yaani ile karamu ya usiku wa Pasaka, kama inavyofanyika leo, kwa mpangilio wa Hagada, imejengwa zaidi baada ya Hekalu kubomolewa na Warumi mwaka 70. Kabla ya hapo kitovu kilikuwa mwanakondoo anayechinjwa Hekaluni Yerusalemu. Hekalu likaanguka, hakuna madhabahu, hakuna mwanakondoo, na hapo dini nyingi zingekufa. Wao wakahamishia kwenye meza ya nyumbani. Kwahiyo kuhani sasa ni baba na mama, na madhabahu ni ile meza yenye watoto.

Ijumaa jioni pia ni hivyohivyo, kabla ya chakula cha Sabato mzazi anaweka mikono kichwani kwa mtoto anambariki, wa kiume anaombewa awe kama Efraimu na Manase, wa kike awe kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea. Kila wiki. Fikiria mtoto anawekewa mikono na mzazi mara hamsini na mbili kwa mwaka mpaka anaondoka nyumbani.

---

BintiPangani:
Assalam aleikum kaka. Mimi kwetu Pangani nimesomeshwa chuoni na babu, na yeye alisomeshwa na mwalimu wake, na huyo na mwalimu wake, babu alikuwa anaweza kuitaja sanadi yake jina kwa jina. Je hao wana kitu kama hicho au wanategemea kitabu tu?

MnunuziWaButa:
Waaleikum salaam dada, umegusa penyewe. Wana kitabu kidogo cha mafunzo ya mababu kinachofunguka na sanadi kabisa: Musa alipokea Torati Sinai akamkabidhi Yoshua, Yoshua akawakabidhi wazee, wazee wakawakabidhi manabii, na inaendelea hivyo. Kwa imani yao Torati ziko mbili, iliyoandikwa na ya mdomo, na ile ya mdomo kwa muda mrefu ilikuwa vichwani tu, mwalimu kwa mwanafunzi. Ilipofika kama mwaka 200 rabi Yehuda akaikusanya ikawa Mishna, maana mambo yalikuwa mabaya, Warumi wameshawapiga mara mbili, watu wametawanyika.

Na kuhusu chuo: Talmudi inamtaja kuhani mkuu mmoja, Yehoshua ben Gamla, inasema bila yeye Torati ingesahaulika Israeli. Zamani mwenye baba alifundishwa na baba yake, asiye na baba hakujifunza kitu. Yeye akaagiza walimu wa watoto wawekwe kila wilaya na kila mji, watoto waingie wakiwa na miaka sita au saba. Mimi hapo nilimfikiria yule yatima. Mila ikimtegemea baba peke yake, yatima anaachwa nje. Kuna mtu aliliona hilo miaka karibu elfu mbili iliyopita akalifanyia kazi.

---

OmwanaWaBungoma:
Niaje ndugu. Mimi ni Mbukusu wa Bungoma, na Wagisu wa Mbale ni ndugu zetu kabisa. Kule kijana anatahiriwa akiwa mkubwa, mwaka unaogawanyika kwa mbili, anasimama wima mbele ya kijiji na hatikisiki, hiyo ndiyo imbalu. Sasa hawa Abayudaya wakitahiri mtoto siku ya nane, majirani wanawaonaje? Huyo mtoto akikua ataambiwa ni mwanaume lini?

MnunuziWaButa:
Ndugu yangu hilo ni swali la mtu anayejua mambo ya huko. Ni kweli waliotokea kwa Wagisu waliacha kitu kizito, sio mchezo kwa mzazi kumtoa mtoto wake kwenye rika. Nimeongea na kijana mmoja wa pale, kasema akiwa shule wenzake walimwambia wewe hukulia wala hukucheka, ulikatwa ukiwa kwenye khanga. Ilimuuma. Akamuuliza babu yake, na babu hakumgombeza. Alimwambia wenzako wanaonyesha ujasiri wao, wewe ulionyeshwa ujasiri wa baba yako, maana yeye ndiye alisimama mbele ya watu.

Kuhusu lini anakuwa mwanaume, kwao mvulana akifika 13 anakuwa bar mitzva, sheria zote zinamhusu yeye mwenyewe sio baba yake tena, anaitwa mbele kusoma Torati. Msichana kwa kawaida ni 12. Mtihani wao ni kusoma mbele ya watu wote na wazee wanasikiliza kila irabu, ukikosea wanakusahihisha hapohapo kwa sauti. Na hiyo nayo inatikisa magoti.

---

Mkweli Daima:
Samahani mleta uzi lakini hao ni Wayahudi kweli au walijipachika? Maana hawana damu ya kule.

MnunuziWaButa:
Mkuu swali lako halali na nitalijibu kwa urefu maana ndo roho ya jambo lenyewe.

Wao wenyewe hawadai damu. Mwanzilishi ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuichukua mashariki ya Uganda, akitegemea watampa ufalme, hawakumpa. Akawa anasoma Biblia kwa Kiluganda, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kuona Sabato ni Jumamosi na tohara ni siku ya nane. Mwaka 1919 alijitahiri yeye na wanawe. Wenzake wakamwambia ukifanya hivyo umekuwa Myahudi, akasema basi mimi ni Myahudi. Mwaka 1922 akatoa kitabu cha kanuni na sala. Kabla ya hapo, 1920, alikutana na mfanyabiashara Myahudi anayekumbukwa kwa jina la Yosefu, akawafundisha kwa miezi kama sita, kalenda, namna ya kuchinja, sikukuu. Miezi sita tu! Kakungulu akafa 1928, na waliobaki wakaendelea wenyewe, mzee Samson Mugombe akiwa mmoja wa walioshika usukani.

Halafu akaja Amin. Inasemwa walikuwa kama elfu tatu na waliobaki imara walikuwa kama mia tatu. Mkuu jiulize, watu waliojipachika tu wangebaki mia tatu chini ya Amin? Kwa faida gani? Mtu angesema mimi Mkristo akaishi.

Miaka ya 80 ndo ikatokea kitu ambacho mimi nakiona kikubwa kuliko vyote. Kizazi cha katikati kilikuwa kimenyamaza kwa hofu. Walioamka ni vijana, wajukuu, wakina J.J. Keki na ndugu yake Gershom Sizomu ambaye ni mjukuu wa yule Samson. Wakakusanyika kilima cha Nabugoya, wakaishi pamoja, wakawafuata wazee walio hai kuwauliza tulikuwa tunasalije, tulikuwa tunaimbaje. Kamba ilikatika katikati wakaifunga kwa kumruka baba kwenda kwa babu. Mwaka 2002 wakaja marabi wa Konsavativu, mrengo mmoja wa dini ya Kiyahudi, wakafanyiwa taratibu za kuongoka rasmi watu mia kadhaa, na wapo waliokwazika, wanasema mtaniongoaje wakati nimezaliwa humu na babu yangu alifia humu. Mimi nawaelewa kabisa. Kule kijiji cha Putti wapo walioona bora wafuate njia ya Wayahudi wa Kiorthodoksi, wanaoshika sheria kwa ukali zaidi. Sizomu akaenda kusomea urabi Marekani, akapewa urabi 2008 akarudi nyumbani. Serikali ya Israeli kuwatambua imekuwa ikisuasua hadi inauma.

Kwahiyo kama ni damu, hawana. Kama ni kukabidhiana, vizazi vinne sasa.

---

BintiPangani:
Kaka mbona naona ni baba na babu tu. Mama je? Kwetu dini nyingi tumeipata jikoni.

MnunuziWaButa:
Dada hapo nimekosa na nashukuru kwa kunikumbusha, maana mfano mkubwa kuliko yote ni wa wanawake.

Ureno, mwaka 1497, Wayahudi walibatizwa kwa nguvu. Kwenye mji mdogo wa milimani unaitwa Belmonte familia fulani zikaenda kanisani kama wengine huku zikishika dini yao kwa siri zaidi ya miaka mia nne. Vitabu hawakuwa navyo, kitabu kingekuua. Rabi hawana. Tohara hawawezi, ni alama ya mwilini. Kilichobaki ni sala za kichwani, na waliozibeba ni akina mama na bibi, anamfundisha binti akiwa mkubwa wa kutosha kunyamaza. Pasaka walikuwa wanaichelewesha siku chache ili wapelelezi wa kanisa walioijua tarehe wawe wameshaacha kuchungulia madirisha.

Mwaka 1917 akafika Samuel Schwarz, mhandisi wa migodi kutoka Poland, Myahudi. Akawaambia mimi ni mwenzenu. Hawakumwamini, walijua duniani wamebaki wao tu. Bibi mmoja akamwambia kama wewe ni Myahudi tuombee sala yako. Hakujua Kireno cha sala zao, akasoma Shema kwa Kiebrania, Sikia Ee Israeli. Alipofika kwenye neno Adonai, yaani Bwana, jina la Mungu, wale wanawake wakafunika macho kwa mikono. Kiebrania chote kilikuwa kimepotea, hilo neno walikuwa bado nalo. Yule bibi ndo aliyetoa hukumu, akasema huyu ni wetu, anajua jina.

Leo wana sinagogi yao, ilifunguliwa 1996.

---

Mkweli Daima:
Nimekuelewa mkuu, natengua kauli. Ila nina mtoto wa miaka 16, ukimwambia habari za ukoo anakwambia "hayo ni mambo yenu." Hawa jamaa kwa mtoto kama huyo wanafanyaje?

MnunuziWaButa:
Mkuu huyo mtoto wako yumo kwenye Hagada, neno kwa neno karibu. Kuna wana wanne: mwenye hekima, mwovu, mpole asiyejua mengi, na asiyejua kuuliza. Yule mwovu anauliza "ibada hii ya nini KWENU?" Kwenu, sio kwetu. Jibu analopewa ni kali, anaambiwa Mungu alinitendea mimi nilipotoka Misri, mimi sio wewe, ungekuwepo usingekombolewa. Nilipolisikia mara ya kwanza nikaona wanamfukuza. Mwenyeji wangu akaniuliza, huyo mtoto amekaa wapi? Nikasema mezani. Akasema basi, yuko mezani, ana sahani, ana kikombe, na kila mwaka anawekewa nafasi yake. Mwenye shida zaidi ni yule wa nne asiyeuliza kabisa. Kwa huyo imeandikwa wewe mfungulie. Yaani usimsubiri.

Wako anakupinga, mkuu. Anakusikia.

---

OmwanaWaBungoma:
Hujasema bado. Ulimuuliza mzee?

MnunuziWaButa:
Nilikuwa nalikwepa.

Niliporudi Bukoba nilijaribu. Nikamwambia baba nisimulie vita. Akasema vita ni vita, akawasha redio. Nikajaribu tena baada ya miezi, akasema mambo ya zamani hayo. Nikagundua nilikuwa namhoji, nimekaa mbele yake kama askari wa upelelezi.

Mwaka huu tarehe 11 Aprili nimefanya jambo. Tulikuwa wote kwake, na wajukuu. Nikaitoa ile nishani nyuma ya vikombe nikaiweka katikati ya meza, kando ya ndizi, sikusema kitu. Mama akaniangalia. Mzee akaja akanawa akakaa, akaiona, na yeye hakusema kitu. Tukaanza kula. Mdogo wangu wa mwisho ana mtoto wa miaka sita, huyo ndo akasema, babu, mbona leo kuna chuma kwenye chakula?

Mzee akaweka tonge chini. Akasema siku kama ya leo nilikuwa Mpigi, malori yamekwama kwenye matope, mvua, tukasikia Kampala imechukuliwa, watu wakalia. Mtoto akauliza ulilia na wewe? Akasema mimi nililia kwa sababu ya mtu mwingine. Akataja jina la kijana aliyekuwa naye kwenye lori, aliyebaki Lukaya mwezi Machi. Mama ameishi naye miaka zaidi ya arobaini, hilo jina hakuwahi kulisikia. Akatuambia alitoka kijiji gani, alikuwa anaimba nini akiendesha. Chakula kilipoa hakuna aliyegusa.

Nikamwambia habari za ile nyumba Mbale, kwamba watoto wa kule wanasimuliwa usiku ule kila mwaka. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akaniuliza, wanajua kulikuwa na mvua? Nikasema sijui baba. Akasema waambie kulikuwa na mvua.

Nimeshampigia yule mwenyeji wangu nimemwambia.

Tangu siku ile katoto kanamfuata kila jioni barazani. Jana nimekauliza babu amemaliza kusimulia? Kakasema bado, hata Jinja hawajafika.